Tanuki wanaoimba: kuzielewa filamu za Kasri la Tanuki za Japani

Vipande vya filamu za zamani za Japani vinazunguka sana mitandaoni siku hizi, na kuna vya aina moja ambavyo kila vikitokea huacha watu wakibishana. Wanawake waliovaa kimono za kumetameta wanacheza mbele ya mlima uliochorwa kwenye turubai. Mmoja anajiwekea jani kichwani, moshi unafuka, na pale alipokuwa amesimama anatokea mtu mwingine kabisa. Kisha wote wanaimba. Kwenye maoni, huyu anasema ni Uchina, yule anasema ni kipindi cha watoto, na mwingine, mwenye uhakika kuliko wote, anaeleza kwamba ni filamu ya rakuni. Wote watatu wamekosea, ingawa si kwa kiwango kimoja.

Wengi wetu tunaijua sinema ya kale ya Japani kwa sura mbili: samurai mwenye upanga, na dude kubwa linaloibomoa Tokyo. Kulikuwa na sura ya tatu ambayo haikusafirishwa sana nje, lakini nyumbani ilipendwa kuanzia 1939 hadi mwisho wa miaka ya 1950. Huitwa Tanuki Goten, yaani Kasri la Tanuki. Si filamu moja. Ni jina la familia ya filamu zilizotengenezwa na kampuni tofauti, kwa waigizaji tofauti, zote zikirudi kwenye ufalme uleule wa kubuni ambamo wanyama wana wafalme, wachumba na bendi ya muziki.

Kabla ya kwenda mbali, tuelewane maneno matatu. Ngano ni hadithi ya mdomo isiyo na mwandishi, inayobadilika kila inapohamia kijiji kingine. Filamu ya njozi ni ile ambayo kanuni za dunia yetu zimelegezwa: mnyama anasema, mti una roho, mtu anageuka kitu. Filamu ya muziki ndiyo inayowatatiza watu, maana karibu kila filamu ina muziki. Tofauti ni hii: ukizitoa nyimbo, kisa kinakatika, kwa sababu mhusika ametangaza mapenzi, ametukana au ameamua kutoroka akiwa ndani ya wimbo. Aliyekulia kwenye filamu za Kihindi hahitaji kuelezwa zaidi. Mazungumzo yakifika mahali pa moto, ala zinaingia, na hakuna anayeuliza wapigaji wamejificha wapi.

Sasa tanuki mwenyewe.

Yupo. Si zimwi wala kiumbe cha kubuni. Ni mnyama wa jamii ya mbwa, mwenye miguu mifupi, manyoya mazito na weusi kuzunguka macho, anayeishi Japani na sehemu nyingine za Asia ya Mashariki. Weusi huo wa machoni ndio uliomletea jina la rakuni. Rakuni ni mnyama wa Amerika, wa jamii nyingine kabisa, na ukitaka kuwatofautisha haraka tazama mkia: wa rakuni una pete, wa tanuki hauna. Rakuni walipelekwa Japani baadaye sana, wengi wao kama wanyama wa kufugwa nyumbani baada ya katuni ya televisheni ya 1977 kuwafanya wapendwe, wakaachiwa porini, na leo ni wasumbufu wa mashamba. Wazee waliosimulia ngano za tanuki hawakuwahi kumwona rakuni hata mmoja. Kosa hili halitaisha karibuni, kwa kuwa filamu ya karibuni zaidi ya ukoo huu iliuzwa nje ya Japani kwa jina lenye rakuni ndani yake.

Juu ya mnyama huyo halisi, ngano zimejenga tanuki wa pili. Huyu anajua kujigeuza. Anaweka jani kichwani na kuwa mtawa, birika, msichana au mti wa msonobari. Anapenda pombe ya mchele na kula vizuri. Usiku wa mbalamwezi hulipiga tumbo lake kama ngoma. Mbweha naye hujigeuza katika ngano za Kijapani, lakini mbweha ni wa kuogopwa, anaweza kumfilisi mtu au kumtia wazimu. Tanuki ni tapeli ambaye mara nyingi utapeli wake humrudia mwenyewe, na watu humcheka kuliko wanavyomwogopa.

Kila eneo lina tanuki wake. Kwenye hekalu la Shojoji mjini Kisarazu, mashariki ya ghuba ya Tokyo, husimuliwa kwamba tanuki walikusanyika uani kushindana kupiga matumbo na mkuu wa hekalu akatoka kucheza nao. Kisa hicho kikawa wimbo wa watoto katika miaka ya 1920 na Wajapani wanaufahamu mpaka leo. Kwenye hekalu la Morinji mjini Tatebayashi, tanuki aligeuka birika la chai, akawekwa motoni, akapiga kelele. Kisiwa cha Shikoku kina hadithi za majeshi mazima ya tanuki. Upande wa giza nao upo: katika ngano ya Kachi-kachi Yama, tanuki anamuua bibi kizee na kumpikia mumewe mchuzi wa nyama yake, naye sungura analipiza kisasi kwa kumchoma mgongo na kumzamisha katika mtumbwi wa udongo. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa kwamba aliyemaliza kesi kwa akili ni sungura.

Na zile sanamu za tanuki mwenye kofia ya majani makavu, chupa ya pombe na korodani kubwa kupita kiasi zinazosimama kwenye milango ya mikahawa? Ni za udongo wa Shigaraki, na hazina ukale ambao watalii hudhani. Zilienea nchi nzima baada ya 1951, mfalme Hirohito alipotembelea Shigaraki na kulakiwa na safu za sanamu zilizoshikishwa bendera. Kuhusu korodani, maelezo yanayotolewa sana ni ya wafua dhahabu: waliifunga dhahabu katika ngozi ya tanuki ndipo waigonge kuwa karatasi nyembamba, na ngozi iliyotanuka bila kupasuka ikawa ishara ya mali inayotanuka. Filamu za Kasri la Tanuki zina adabu zaidi.

Ukimjua tanuki huyu wa pili, swali la kwa nini wanyama wanaimba linajijibu lenyewe kwa sehemu kubwa. Ngano ilishakuja na ngoma yake. Mwongozaji hakuhitaji kutafuta kisingizio cha kuingiza bendi kwenye kisa, tanuki amekuwa akipiga tumbo kwa karne kadhaa. Vilevile hakuhitaji kutafuta kisingizio cha mazingaombwe. Kumgeuza mtu mbele ya kamera ni mojawapo ya hila za kale kabisa za sinema: unasimamisha kamera, waigizaji wanabaki kama sanamu, mmoja anatoka na mwingine anaingia mahali pake, kamera inaendelea. Ongeza moshi kidogo kuficha mshono. Hila hiyo inahitaji kisa ambacho watu hugeuka kila baada ya dakika kumi, na tanuki anakileta bure.

Aliyeliona hilo mapema alikuwa mwongozaji Kimura Keigo (Wajapani hutanguliza jina la ukoo). Mwaka 1939 alitengeneza filamu ya kwanza, Tanuki Goten, katika kampuni ya Shinko Kinema. Haikuwa kampuni kubwa. Studio yake ya Kyoto ilijulikana kwa filamu za paka-mizimu, zile ambamo mwanamke aliyedhulumiwa anarudi akiwa na kucha na ulimi wa paka. Kwa hiyo mafundi wa kugeuza watu kuwa wanyama walikuwapo, nguo zilikuwapo, na mapambo ya misitu ya usiku yalikuwa stoo. Kimura alichukua karakana ya kutishia watu akaifanya ya kuburudisha.

Nyimbo na waimbaji vilitoka kwingine. Mwaka 1913 Kobayashi Ichizo, mfanyabiashara wa reli, alianzisha kikundi cha wasichana waimbaji huko Takarazuka, mji wa chemchemi za maji moto mwishoni mwa njia yake ya treni, ili abiria wapate sababu ya kupanda treni hadi kituo cha mwisho. Onyesho lao la kwanza, mwaka 1914, lilikuwa Donburako, lililotungwa kutokana na ngano ya Momotaro, mtoto aliyetoka ndani ya tunda la pichi. Tangu siku ya kwanza, basi, jukwaa hili la kisasa lilisimama juu ya ngano. Wahusika wote, wanaume kwa wanawake, waliigizwa na wasichana. Ni kinyume cha kabuki, tamthilia ya jadi ya Japani, ambamo wanawake walipigwa marufuku jukwaani mwaka 1629 na wanaume wakabaki kuigiza wote. Kampuni ya Shochiku ikaanzisha vikundi vyake vya namna hiyo, na hapo wakazaliwa nyota wa kike ambao kazi yao ilikuwa kuwa mwanamume mtanashati.

Ndiyo maana katika baadhi ya filamu hizi mwana wa mfalme wa tanuki ana sauti ya kike na nyusi zilizochorwa kwa uangalifu. Mtazamaji wa leo huanza kutafuta maana iliyofichwa. Mtazamaji wa wakati ule alikata tiketi kwa ajili hiyohiyo. Filamu ya 1949, Hanakurabe Tanuki Goten, ilimwajiri Mizunoe Takiko, nyota wa Shochiku aliyekata nywele fupi tangu miaka ya 1930 na kufuatwa na umati wa mashabiki wasichana. Alipoacha kuigiza akawa mtayarishaji wa filamu katika kampuni ya Nikkatsu, kazi ambayo wanawake wachache sana walipewa enzi hizo. Pembeni yake kwenye filamu hiyo alikuwapo Kyo Machiko, mcheza dansi kutoka Osaka, mwaka mmoja kabla ya filamu ya Rashomon kumpa jina duniani.

Sasa angalia tena miaka. Mwaka 1939 Japani ilikuwa vitani nchini Uchina, na ni mwaka huohuo serikali ilipopitisha Sheria ya Filamu: hati ya kila filamu ilisomwa na wakaguzi kabla kamera haijawashwa. Mwaka uliofuata maelekezo yakabana zaidi, maisha ya matajiri yasionyeshwe, wala wanawake wavutao sigara, wala ulevi mikahawani. Filamu ghafi ikawa ya mgao, na kampuni zikalazimishwa kuungana. Shinko Kinema ikamezwa mwaka 1942 ndani ya kampuni mpya, Daiei. Mwaka huohuo wa 1942, Japani ikiwa tayari inapigana na Marekani na Uingereza, Kimura alitoa Utau Tanuki Goten, Kasri la Tanuki Waimbao. Miezi michache baadaye, Januari 1943, serikali ilipiga marufuku nyimbo zipatazo elfu moja za Kimarekani na Kiingereza.

Filamu ya muziki, yenye kasri la kifahari na viumbe wanaopenda starehe, ilipitaje? Jibu langu ni kwamba tanuki ndiye aliyekuwa kibali. Wimbo wa mapenzi ukiimbwa na msichana wa Tokyo kwenye mkahawa ni uzembe wakati wa vita. Ukiimbwa na binti wa tanuki chini ya mlima wa kubuni, ni ngano ya taifa, kitu ambacho mkaguzi mzalendo hawezi kukikataa bila kuonekana anaukataa urithi wake. Tajiri anayecheza dansi alikuwa shida. Tanuki anayecheza dansi alikuwa tanuki.

Hapa lakini kuna upotoshaji mwingine unaosambaa, kwamba hizi zilikuwa filamu za upinzani zilizomdhihaki dikteta kwa mafumbo. Hapana. Zilikuwa biashara. Kampuni zilihitaji fedha, watu walihitaji saa moja na nusu ya kusahau, na serikali yenyewe ilijua kwamba raia asiyecheka kabisa hafanyi kazi vizuri. Anayetaka kuona mashujaa ndani ya filamu hizi atawaona kwa sababu anawatafuta.

Vita viliisha Agosti 1945 na wakaguzi wakabadilika. Jeshi la Marekani lililoikalia Japani lilitoa mwezi Novemba orodha ya mada 13 zisizoruhusiwa, zikiwemo kisasi na utii wa kimwinyi. Filamu za samurai, ambazo haziwezi kwenda mbali bila vitu hivyo viwili, zikabanwa vibaya. Tanuki hakuwa na bwana wa kumfia. Akarudi mwaka 1949, chini ya mwongozaji yuleyule, mbele ya wakaguzi wa taifa lililokuwa adui alipoimba mara ya mwisho. Sijui mhusika mwingine wa sinema ya Japani aliyepita milango hiyo miwili kwa urahisi namna hiyo.

Kipindi hicho ngano nyingine nazo zilitiwa midundo mipya. Mwaka huohuo wa 1949 Shochiku ilitoa Odoru Ryugujo, iliyochezea ngano ya Urashima Taro, mvuvi aliyebebwa na kasa hadi kasri la chini ya bahari. Ndani yake mtoto wa miaka 12, Misora Hibari, aliigiza kappa, kiumbe wa mtoni mwenye kisahani cha maji kichwani, akaimba wimbo wa bugi. Bugi ilikuwa midundo ya Wamarekani weusi, iliyokuwa haramu miaka michache nyuma, sasa ikiimbwa na jini wa mtoni wa Kijapani. Mtoto huyo akawa mwimbaji mpendwa kuliko wote wa Japani ya baada ya vita, na alipokua aliingia kwa tanuki: Shichihenge Tanuki Goten ya 1954 kwa Shochiku, na nyingine ya 1958 kwa kampuni ya Toho.

Tarehe za kutolewa nazo zina maana. Ile ya 1954 na ile ya 1959 zilitoka siku za mwisho za Desemba. Mwaka mpya ndio uliokuwa msimu mnono wa sinema Japani: familia ziko likizo, watoto wana pesa walizopewa na wajomba, na kumbi zinahitaji kitu ambacho bibi na mjukuu wataketi nacho pamoja. Hapo ndipo dhana ya filamu za watoto inapoanguka. Ziliruhusu watoto, lakini vichekesho vingi vilimlenga baba aliyekunywa kidogo, na nyimbo ziliimbwa na nyota ambao sahani zao za santuri zilinunuliwa na watu wazima.

Kimura alirudi mara nyingine mwishoni mwa 1959 na Hatsuharu Tanuki Goten, safari hii kwa rangi na kwa skrini pana. Kisa chake ndicho kizuri zaidi katika ukoo wote, kwa maoni yangu. Binti mfalme wa tanuki, Kinuta, anatakiwa aolewe na Tanukichiro, kijana wa ukoo mkubwa wa tanuki. Hataki mume tanuki, anataka binadamu. Anatoroka. Kasri linataharuki, hadi anapatikana msichana mwingine, Okuro, anayefanana naye kama shilingi kwa ya pili, na anaombwa akae mahali pake. Wakao Ayako aliigiza wote wawili. Kwa hiyo tunamtazama msichana anayejifanya mwingine, mbele ya mchumba tanuki ambaye kipaji cha jamaa zake ni kujigeuza. Mchumba huyo ni Ichikawa Raizo, aliyelelewa kwenye kabuki, na ndani yumo pia Katsu Shintaro, ambaye miaka mitatu baadaye angekuwa Zatoichi, mpiga upanga kipofu. Wanaomjua kwa filamu za umwagaji damu hushtuka wakimkuta hapa.

Je, ni nakala ya Hollywood? Safu za wachezaji, orkesta kubwa na ngazi zinazoshuka kutoka mbinguni vimeazimwa, hilo halina ubishi. Hata filamu za mwanzo za Kimura zimechota wazi kwenye hadithi ya Ulaya ya msichana anayeteswa na mama wa kambo hadi mwana wa mfalme anapomwona. Lakini mandhari ya kuchorwa, mabadiliko ya ghafla ya mavazi na waigizaji wanaosimama kidogo ili wapigiwe makofi vimetoka kabuki, na namna ya kuzungumza na mtazamaji moja kwa moja imetoka kwenye kumbi za vichekesho. Hollywood ilijitahidi ufikiri mtaa wa studio ni mtaa wa kweli. Kasri la Tanuki halikujisumbua.

Kilichoua filamu hizi si ladha kubadilika peke yake. Mwaka 1958 Japani iliuza tiketi za sinema milioni 1,127, zaidi ya mara kumi na mbili kwa kila mtu nchini. Mwaka uliofuata harusi ya mrithi wa ufalme ilirushwa kwenye televisheni na familia nyingi zikanunua runinga kwa ajili hiyo. Kufikia 1963 tiketi zilikuwa zimeshuka hadi milioni 511. Waimbaji sasa walikuja sebuleni bure, kila jioni. Kasri zima la turubai, orkesta na mamia ya kimono havikulipa tena. Daiei ilifilisika mwaka 1971.

Mwaka 2005 mwongozaji Suzuki Seijun, aliyekuwa ametimiza miaka 82, aliufufua ukoo kwa Operetta Tanuki Goten, na mwigizaji wa Kichina Zhang Ziyi akawa binti wa tanuki. Misora Hibari, aliyefariki 1989, alirejeshwa ndani yake kwa kompyuta. Hii ndiyo filamu iliyofika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, na ndiyo ambayo wageni wengi huanza nayo, na ndiyo chanzo cha nusu ya mkanganyiko. Suzuki alitengeneza kwa ajili ya watu waliokwisha kuzijua zile za zamani. Anaruka, anakatiza, anacheka na mambo ambayo hajayaeleza. Anza na ile ya 1959, ambayo hata bila kuelewa neno unafuata nani amejifanya nani, halafu rudi nyuma hadi zile za rangi nyeusi na nyeupe. Ya Suzuki iweke mwisho.